Karatasi ya Kumi na Saba

Juu ya cherehani ya Fundi kulikuwa na maneno yameandikwa kwa chaki: NGUO HAITOKI BILA KUJARIBIWA. Uwe mkubwa wa ofisi, uwe muuza vitunguu, ukija kuchukua nguo yako utaivaa hapo hapo nyuma ya pazia, utainua mikono, utachuchumaa, utageuka, naye Fundi atakuzunguka na pini mdomoni kama askari anayekagua mzigo. Ndipo utapewa. Kwa hiyo mchungaji alipomwambia, yeye akiwa ndiye mwalimu wa watoto kanisani, kwamba mwaka huu, kipindi cha Majilio, zile wiki nne za kungojea Krismasi, anataka watoto wa shule ya Jumapili wasikae tu kwenye mabenchi wakihubiriwa, bali wawe na mambo ya kutenda kwa mikono na miguu yao, Fundi alijibu papo hapo.

"Nitapanga. Ila kila kazi nitaijaribu mimi mwenyewe kwanza."

Mchungaji akacheka, akasema hilo ni jambo jema. Fundi naye akacheka. Hakujua kwamba anajitia kitanzi kwa mikono yake.

Na alipanga kweli, usifanye mchezo. Kwa mabaki ya vitambaa vya wateja alishona pazia kubwa lenye mifuko ishirini na minne, mingine ya maua, mingine ya mistari, kila mmoja na namba yake. Ndani ya kila mfuko karatasi, na kwenye kila karatasi kazi. Kila Jumapili ya Majilio watoto wangefungua mifuko sita, kazi sita za siku sita, na Jumapili inayofuata waje wasimulie walivyofanya. Kazi ikifanyika, mtoto anaweka unyasi mmoja mkavu ndani ya hori la mbao, ili Krismasi ikifika Mtoto akute pa kulala pamelainika. Fundi aliziandika kazi zote ishirini na nne kwa mkupuo mmoja, kati ya sketi moja na nyingine, na alipomaliza akajiona yuko jirani kabisa na manabii.

Mwenzake katika mipango hii alikuwa Nesi, mama mstaafu, mrefu, mkavu, miwani imemkalia ncha ya pua. Yeye ndiye aliyekuwa akiandikisha watoto wapya kwenye daftari la shule ya Jumapili. Nesi hakuwa mtu wa maneno mengi. Miaka thelathini wodini ilimfundisha kwamba mgonjwa atasema mwenyewe, mradi umpe muda. Jumamosi tatu mfululizo walikutana kwenye chumba cha nyuma ya kanisa, chumba chenye kabati lisilofunga na makopo ya gundi iliyokwisha kukauka, Fundi akitoa ripoti, Nesi akiweka tiki kwa kalamu nyekundu.

"Namba tatu," Nesi alisoma. "Mbebee mtu mzigo wake bila kuombwa."

"Nilimbebea jirani ndoo yake. Alinikimbilia nyuma akidhani namwibia. Ongeza, 'lakini mwambie kwanza.'"

Nesi akaongeza.

"Namba nane. Kaa kimya nusu saa, umsikilize Mungu."

Fundi akatazama dirishani. "Dakika saba."

"Kati ya thelathini?"

"Mteja alipita, ningeachaje kumsalimu? Andika dakika tano. Hawa ni watoto, tusiwatese."

"Namba kumi na moja. Mwimbie mgonjwa wimbo."

"Nilimwimbia yule mzee wa nyumba ya kona. Akasema homa anaiweza, mimi ndiye nimemshinda. Iwe 'mchoree mgonjwa picha.'"

Hivyo hivyo, moja baada ya nyingine, karatasi zilipunguzwa hapa na kuongezwa pale kama nguo, mpaka Jumamosi ya tatu, siku ya mwisho kabla ya kumpelekea mchungaji. Nesi akashusha kalamu mpaka chini ya ukurasa, akairudisha juu, akaisimamisha mahali.

"Kumi na saba haina tiki."

"Ipi hiyo?" Fundi aliuliza, na alijua fika ni ipi.

"'Nenda kamsamehe mtu aliyekukosea.'"

"Hiyo ni ya watoto. Wanavutana nywele kila siku wale."

"Zote ni za watoto. Ndoo ulibeba."

"Mimi sina aliyenikosea."

Nesi akamtazama juu ya miwani. Fundi akaanza kukunja pazia, akalikunjua, akalikunja tena.

"Basi tuifute," akasema. "Ishirini na tatu zinatosha."

"Na mfuko wa kumi na saba tuweke nini? Pipi?" Nesi akafunga daftari la watoto lililokuwa mezani, akaligonga gonga kwa kidole kama mtu mwenye neno mdomoni, kisha neno lile akalimeza. "Nenda, Fundi. Bado kuna jua. Nitakusubiri kesho kabla ya ibada na kalamu yangu."

Sasa, wewe msomaji unataka kujua, na haki yako. Miaka mitano na nusu nyuma, kaka yake Fundi alimwoza binti yake. Binti huyo anaitwa Kidoti kwa ajili ya doa dogo jeusi kidevuni, na aliyempa jina hilo ni Fundi. Fundi hakujaliwa mtoto. Alimbeba Kidoti mgongoni akikanyaga cherehani, akamfundisha kutunga uzi kabla hajajua kusoma. Gauni la harusi alilishona miezi miwili. Satini nyeupe, mikono mirefu hadi viganjani, vifungo kumi na viwili kila mkono. Tena Fundi alikuwa na majivuno yake: kwenye nguo ya heshima hakuacha akiba ya kitambaa ndani ya mshono. Mafundi wengine huacha vidole viwili pembeni, wakihofia mteja atanenepa. Yeye alikata mpaka ukingoni, nguo ikalala mwilini bila hata uvimbe. "Mimi nashonea mtu," alikuwa akisema, "sishonei wasiwasi."

Siku ya harusi mlango wa kanisa ukafunguliwa, kwaya ikasimama, Kidoti akaingia mikono wazi mpaka mabegani. Mikono yote miwili ya satini haipo. Na pembeni mwa kiuno, huku na huku, kuna mishono ambayo si ya Fundi. Alikaa benchi la pili, hakusikia hata maneno ya kiapo. Ukumbini akamvuta wifi yake, mke wa kaka, pembeni ya meza ya keki. Nani ameligusa gauni langu? Wifi akamjibu kwa upole, "Nimeligusa mimi, wifi, nilivyoona inafaa." Basi. Hakuongeza neno, wala hakuomba radhi.

Fundi aliumia, na aliyeumia ana haki ya kuumia. Ila mdomo wake ndio uliomponza. Alimtangazia kila mteja kwamba wifi yake alipeleka gauni kwa fundi wa vichochoroni alfajiri ya harusi, eti binti aonyeshe mabega kama watu wa kwenye magazeti. Kidoti akaondoka kesho yake na mumewe kwenda mji wa mbali alikopata kazi. Fundi akaacha kukanyaga kwa kaka yake, ambako ndiko alikokuwa akila kila Jumapili tangu wazazi wao wafariki. Tangu hapo Jumapili anakula dukani, peke yake, sahani juu ya meza ya kukatia. Mwaka huu Kidoti amerudi, na mwanawe wa kike ametimiza miaka mitano, umri wa kuanza shule ya Jumapili. Anakaa mbele, ana kidevu kile kile, na anamwita Fundi "mwalimu" kama watoto wengine wote. Kila akiitwa hivyo na mtoto yule, Fundi hugeuka akajifanya anatafuta chaki.

Basi alikwenda. Njiani alijifunza hotuba yake kwa sauti ya chini, na watu wawili waliompita walimsalimia wakidhani anaongea nao. Alipofika kwa kaka yake alikuta lango halijabadilika, linakwaruza chini vile vile. Kaka hayupo, ametoka. Wifi yuko barazani anamenya viazi ndani ya beseni. Kwenye ngazi Kidoti anamsuka mwanawe, kitana kimechomekwa kwenye nywele.

"Shikamoo shangazi," Kidoti akasema, mikono ikasimama hewani.

"Marahaba."

"Karibu, wifi," wifi akasema, akataka kuinuka.

"Kaa tu. Sikai." Fundi akasimama katikati ya baraza kama mtoto anayesoma shairi mbele ya wazazi. "Wifi, ulinikosea kwenye lile gauni. Uliniaibisha mbele ya kanisa zima. Nimekuja kukwambia nimekusamehe."

Ganda la kiazi likaning'inia kwenye kisu. Wifi akaweka kisu chini, akajifuta mikono kwenye kanga, pole pole, kidole kimoja kimoja.

"Ahsante, wifi," akasema. "Nimepokea. Mungu akubariki kwa kuja."

Fundi alikuwa amejiandaa kwa ubishi. Alikuwa na majibu matano tayari, yote makali. Sasa yakakosa pa kwenda.

"Mama," Kidoti akaita.

"Suka nywele, mwanangu."

"Mama, unasamehewa nini?"

"Nimesema suka nywele."

Kidoti akachomoa kitana. Akamwambia mwanawe aende nyuma akamwagilie maua, mtoto akaenda mbio na nywele nusu zimesukwa, nusu zimesimama. Kidoti akabaki kwenye ngazi, magoti pamoja.

"Shangazi, lile gauni halikufunga."

"Halikufunga vipi? Nilikupima mimi. Nililijaribu mwilini mwako."

"Ulilijaribu mwezi mmoja kabla. Ukasema nimenona kidogo, raha za uchumba. Nilikuwa nimebana pumzi, shangazi. Nilikuwa na mimba ya miezi minne."

Wifi akafunika uso kwa kanga. "Jamani, mtoto huyu."

"Miaka yote hii ananikataza nisiseme," Kidoti akaendelea. "Alfajiri ya harusi nilivaa, zipu ikafika nusu, ikagoma. Tukavuta, ikagoma. Mama akanitazama, akanishika tumbo, akajua. Hakunipiga hata kofi. Akauliza tu, tangu lini."

Hapa lazima ujue sheria ya kanisa lao. Bibi harusi mwenye mimba haolewi madhabahuni. Anafungishwa ndoa ofisini, bila shela, bila kwaya, mbele ya mchungaji na mzee mmoja wa kanisa. Na mzee wa kanisa miaka ile alikuwa kaka yake Fundi, ambaye mwaka uliotangulia alisimama mwenyewe kumtoa binti wa watu kwenye orodha ya ndoa za madhabahuni. Hata binti yake asingempitisha. Angemtoa yeye mwenyewe, halafu asingeinua kichwa tena mtaa ule.

"Tungekufuata wewe," Kidoti akasema. "Mimi nilisema, mama, twende kwa shangazi. Mama akasema shangazi yako anakupenda kuliko kitu chochote, lakini siri ukimpa, umeitundika dukani."

Fundi, aliyekataa kukaa, akakaa kwenye ukingo wa baraza.

"Nilifumua pembeni nitafute kitambaa cha kulegeza," wifi akasema sasa kwa sauti ndogo. "Nikakuta hakuna hata uzi wa ziada. Umekata mpaka mwisho. Satini ile ningeipata wapi saa kumi alfajiri? Iliyokuwepo ni ya mikono tu. Nikakata mikono, nikatia viraka kiunoni. Sikumpa fundi yeyote, wifi. Nilishona kwa sindano ya mkono, na mimi unajua hata kifungo kinanishinda."

"Liko wapi?" Fundi akauliza.

Wifi akaingia ndani, akatoka na gauni ndani ya shuka la zamani. Fundi akaligeuza nje ndani juu ya magoti yake, akapitisha kidole gumba kwenye mshono wa kiraka. Mshono mbaya kuliko yote aliyowahi kuona. Umepanda, umeshuka, umerudiwa mara tatu, na kando yake kuna vidoa vidogo vya kahawia ambapo sindano ilimchoma mtu. Fundi alitazama vile vidoa kwa muda mrefu. Akilini alimwona wifi yake amepiga magoti sakafuni nyuma ya mtoto anayetetemeka, mume anakohoa chumba cha pili, jua linakuja. Na yeye, shangazi mtu, amelala nyumbani kwake anaota sifa.

"Na ndugu yangu?" akauliza.

"Alijua mtoto alipozaliwa," wifi akasema. "Alinuna wiki nzima. Kisha tukasafiri kumwona, akapewa ampakate, mtoto akamshika ndevu, mambo yakaisha. Yeye ndiye aliyetaka nikwambie. Nikamwambia wifi yangu hanisalimii sokoni, nitamwambia kupitia wapi?"

Fundi akalia. Alilia kwa kelele bila kujifuta, na Kidoti akahama kwenye ngazi akaja kumkalia karibu, bega kwa bega.

"Ningeacha akiba," Fundi akasema alipoweza kusema. "Vidole viwili tu pembeni. Ungelegeza, na mikono ingebaki, na mimi nisingejua kitu mpaka leo."

"Ungejua," wifi akasema. "Ungehesabu miezi."

"Nihesabu wapi? Daftari la watoto limekaa mezani mbele yangu Jumamosi tatu hizi, tarehe yake ya kuzaliwa imo. Nimesoma jina tu." Akavuta makamasi. "Wifi, hata kuja hapa sikuja kwa wema wangu. Nimeletwa na karatasi."

Ikabidi aeleze yote, pazia, mifuko, tiki za Nesi. Wifi alianza kutabasamu kwenye ndoo, akacheka kwenye dakika saba, na hadithi ilipofika kwa mzee wa homa aliegemea ukuta akashika mbavu. Mtoto akarudi kutoka nyuma amelowa mpaka magotini, akauliza mwalimu analia nini. Mama yake akamwambia, "Huyu si mwalimu tu. Huyu ni bibi yako." Mtoto akamkagua Fundi toka juu hadi chini, akasema basi ammalizie nywele, maana mama anavuta sana. Fundi akammalizia.

Kesho yake, Jumapili ya kwanza ya Majilio, Nesi alikuwa mlangoni mwa chumba cha nyuma na kalamu yake.

"Imejaribiwa?"

"Imejaribiwa. Haifai." Fundi akachukua kalamu, akafuta maneno yote ya karatasi ya kumi na saba, akaandika mengine kwa herufi za kusomeka: Nenda kwa mtu uliyemkasirikia, umuulize ilikuwaje. Kisha nyamaza, umsikilize mpaka amalize.

Nesi akasoma, akaweka tiki. Fundi akamkazia macho.

"Ulijua."

"Ninajua kuhesabu mpaka tisa," Nesi akasema. "Ila haikuwa yangu kuisema."

Wakatundika pazia. Watoto wakafungua mifuko sita ya kwanza kwa fujo ya kutosha, mmoja akalilia namba iliyoangukia kwa mwenzake, na hori likaburutwa mpaka mbele ya mabenchi. Mchungaji alisimama pembeni akitikisa kichwa kwa furaha. Fundi aliridhika. Lakini jambo gumu lilikuwa bado, na alilijua tangu usiku akigeuka geuka kitandani.

Ibada kuu ilipokwisha alitoka nje amefuatana na wifi yake, mkono kwa mkono. Uwanja mzima ukageuza shingo. Hawakukawia: mama wa maua, yule anayepamba madhabahu na anayejua habari kabla hazijatokea, akawakatia njia, na nyuma yake wanawake wengine wanne, wote wateja wa Fundi.

"Hee, leo kuna neema," mama wa maua akasema. "Mmepatana? Na lile gauni je? Maana ulituambia wifi yako alilipeleka kwa fundi wa vichochoroni."

Wifi akaubana mkono wa Fundi. Kidoti alikuwa hatua tatu nyuma, mwanawe kamshika sketi. Miaka mitano Fundi amelisema jambo lile kwa kila aliyekuja kupimwa, na sasa watu watano wamesimama wanasubiri aliseme tena au alibadilishe. Ukweli ulikuwa kwenye ncha ya ulimi wake. Ulikuwa ukweli mzuri, wenye huruma ndani, na ungemsafisha wifi yake mara moja. Ila haukuwa wake kuutoa.

"Nililikosea mimi," Fundi akasema.

"Ulikosea nini?"

"Vipimo." Alilisema kwa sauti, akalirudia wasije wakadai hawakusikia. "Nilikosea vipimo vya bibi harusi. Gauni halikufunga asubuhi ile. Wifi yangu aliliokoa kwa mkono wake, akanisitiri, nami nikamlipa matusi miaka mitano. Semeni hivyo hivyo mkienda kusimulia."

Mama wa maua akabaki ameshika mkoba. Ni kama daktari amesema hadharani kwamba hajui kupima homa. Wifi akataka kusema kitu, na Fundi akamfinya kiganja ili anyamaze. Kidoti ndiye aliyekuja akampokea shangazi yake mkoba na Biblia, akatangulia njia ya nyumbani.

Mwezi ule wateja watatu walihamishia vitambaa vyao kwa fundi mwingine. Fundi alikula Jumapili zote nne za Majilio kwa kaka yake.